Mashine Inayochoka Siku ya Soko

Ukitoka Nengo, mjini Gisenyi, ukielekea mpakani kwa Barriere Ndogo, pale barabara inapoanza kunuka sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwa Kivu, na haraka za watu, utaliona benchi la mkaratusi mbele ya duka la ushonaji. Benchi hilo halina hati, ila lina wenyewe. Wa kwanza ni Kadiri, fundi cherehani mwenye duka, wanayemwita Pasi kwa sababu mpaka leo ananyoosha nguo kwa pasi ya makaa na anawahurumia wenye za umeme. Wa pili ni Evode, dereva wa pikipiki, jina lake la kijiwe Turbo, ingawa pikipiki yake imeegeshwa kuliko inavyotembea. Wa tatu ni mzee Damascène, karani mstaafu aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Huyo ni Kashe, yaani Muhuri: amegonga mihuri miaka thelathini, na hata leo hoja ikimkolea huigonga kwa ngumi juu ya goti lake. Kahawa ya tangawizi wanaletewa na Nyirasafari kutoka dirisha la pili. Na Jumanne hiyo asubuhi benchi lilikuwa na mtu wa nne, Belise, binti wa chuo, bingwa wa midahalo, ambaye wao wanamwita Avoka, yaani Wakili. Tangu wamfahamu, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa robo saa nzima bila kumpinga mtu.

— Imekufa? aliuliza Kadiri, pini tatu zikiwa mdomoni.

— Haijakufa, papa Kadiri. Imechoka. Ingekufa ningeizika, nikalia, nikaendelea na maisha.

— Saa ngapi?

— Saa kumi na mbili na dakika tano. Soko linafunguliwa saa kumi na mbili!

Wote walijua anazungumzia nini. Belise ndiye aliyewajengea akina mama arobaini na watatu wa mboga, wa kule Kanama, saiti yao ya kuuzia. Kila Jumanne na Ijumaa wanaweka picha za karoti, kabichi na puaro, vile vitunguu vya majani, walizong'oa. Wanunuzi wa Gisenyi na wa ng'ambo, Goma, wanaagiza kwenye simu kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa moja, na saa moja gari linashuka na kila gunia likiwa na mwenyewe. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini huu ulikuwa mwezi wa mateso. Soko la sita mfululizo ukurasa umeganda, wanunuzi wameangalia simu nyeupe kama shuka, na gari limeshuka nusu tupu. Mboga zilizobaki zinajua njia moja tu: kwa Gentil, yule komisioneri, dalali anayesimama kando ya lami na mizani yake, anayeitaja bei kabla karoti haijafutwa udongo. Akina mama walimkimbia Gentil kwa sababu ya saiti. Sasa mwenyekiti wao, mama Mukeshimana, alikuwa njiani kuteremka mjini, na ujumbe aliokuwa ameubeba haukuhitaji ramli.

— Mi sielewe, alisema Evode. Moto yangu ya kubeba watu inachoka, mutu anachoka. Mashini inachokaje na haipandake mulima?

— Nitaeleza mara ya mwisho, Belise alisema, akakaa wima kama yuko jukwaani. Bon. Kompyuta ya saiti si yetu. Tunakodi kipande cha kompyuta ya watu, iko mbali kabisa huko. Za kukodi ni aina nyingi, na yetu ni ile ya wanyonge. Siku zote inakupa sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ukiwa na kazi ndogo, ukakaa chini ya hapo, inakuwekea akiba: kila saa ya kupumzika, dakika kumi na mbili za mbio. Siku ya soko unazitoa zile dakika, unakimbia. Zikiisha, unarudishwa kwenye moja ya kumi, na wateja mia mbili wako mlangoni wanakugongea!

— Si ununue kubwa, isiyochoka? alisema Kadiri.

— Kwa koperative ipi, papa? Ya wamama wanaochangia hata kamba ya kufungia magunia? Na kwa nini mnyonge akitaka kukimbia aambiwe aende kwanza akapumzike? Tajiri hapumziki, anakimbia mchana kutwa, hakuna anayemhesabia pumzi! Lakini hata hilo nimelimeza. Nimehesabu. Kutoka saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa tisa. Mara kumi na mbili, ni dakika mia na nane za mbio. Soko lote ni saa moja. Kwa hiyo akiba inatosha. Lakini haitoshi. Kwa hiyo, waheshimiwa, tunaibiwa!

Damascène akagonga goti: paa!

— Hoja imepita.

— Haijapita popote, alisema Kadiri, akazitema pini kiganjani. Nyinyi watoto wa chuo mnakimbilia wizi kabla ya kupapasa. Mashine ina baridi. Hii pasi yangu, ukiitoa chini ya meza huanzi kunyoosha suruali ya mtu. Unaitia makaa, unaipepea, unaiacha ipate moto nusu saa. Mashine yako mnaiamsha ghafla saa kumi na mbili, ikiwa bado imejikunyata. Dawa ya moto ni moto.

— Papa Kadiri, methali hiyo haihusu pasi.

— Makaa hayasomi methali, mwanangu.

— Hapana, Pasi, wacha mi niseme yenye niliona na macho, Evode aliingilia. Kwenye mupando ya Kanama, banyonzi, wale wabeba mizigo na baiskeli, wanashika camion, lori, nyuma. Wanavutwa tu, hawakanyage. Donc, ile mashini ya Avoka iko na watu wameishika nyuma! Wanaingia, wanaangalia karoti, hawanunue, wanavutwa. Si munajua? Simba mwenda pole njo anakula nyama.

— Simba gani sasa?

— Ule mwenye ameshika nyuma.

— Mnakosea wote, alisema Damascène kwa upole wa mtu aliyeona faili nyingi. Tatizo ni zamu. Hapa kukicha, huko mashine iliko watu wanapokezana. Anayetoka ameshafunga daftari, anayeingia hajavua koti. Katikati ya hao wawili muhuri unabaki bila mkono. Nimefanya kazi hiyo. Hakuna nchi duniani ambako faili husogea saa hiyo. Asiyekuwepo na lake halipo. Andika barua, Avoka, na nakala mbili.

— Nakala kwa nani, mzee?

— Nakala huandikwa kwanza. Mtu wa kumpelekea hutafutwa baadaye.

— Na Nyiragongo? Evode alinyoosha kidole upande wa ng'ambo, ambako mlima ulikuwa unafuka taratibu kama mzee na kiko chake. Jana ilikuwa mwekundu vile! Mulima ikipumua, inavuta réseau, mutandao yote ya Gisenyi mule ndani. Inarudi imeiva. Saiti gani itakubali kitu yenye imeiva?

— Mlima wa nini, na ziwa liko hapa chini? Kadiri hakukubali kupitwa. Ile gesi ya Kivu! Alfajiri inapanda polepole, inaingia kwenye waya, waya unalewa. Mashine inaletewa maneno na mlevi. Wewe Turbo, ukiamshwa na mlevi alfajiri, utamuuzia kabichi?

— Inategemea mlevi gani.

— Mimi ninachoona, alisema Nyirasafari kutoka dirishani kwake, ni kwamba mashine imechoka na midomo haijachoka.

Belise alicheka bila kutaka, akainua macho. Mama Mukeshimana alikuwa amesimama mbele yake, tope jekundu la Kanama kwenye viatu, mwavuli umefungwa kwapani. Wote walimpisha. Kadiri alipangusa benchi kwa kitambaa cha kofia ya mtu. Nyirasafari akamletea kikombe kabla hajaomba.

— Amakuru, mama, Belise alimjulia hali.

— Ni meza, nzuri tu. Habari yako we njo mbaya, naona. Aliketi, akapuliza kahawa, hakuinywa. Belise, mwanangu, wamama wametuma mimi. Hawana hasira na we. Wanakupenda sana. Lakini karoti haingojake mapenzi. Wamesema turudie kwa Gentil.

Belise alihisi mwili wote ukipanda joto, lile joto analolijua, linalompanda kila mwenyekiti wa mdahalo anapogonga meza na kusema dakika zako tatu zinaanza. Akasimama.

— Mama, naomba niseme. Gentil aliwahi kuwauliza bei hata siku moja? Anawapangia! Anasema karoti zenu zimepinda, halafu anaziuza zilezile zilizopinda Goma kwa jina la karoti nzuri. Mnataka kurudi hapo? Kosa si la saiti. Saiti ni nzuri. Mashine ndiyo inatuonea. Imeahidi dakika kumi na mbili kwa kila saa ya kupumzika, haitupi. Nimehesabu! Saa tisa za usiku, mara kumi na mbili...

Aliendelea. Alisema vizuri, hata wapita njia wawili walisimama. Damascène aligonga goti mara nne. Mama Mukeshimana alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikilizwa mtoto anayesoma barua ya shule kwa sauti, kisha akauliza, taratibu:

— Sawa. Na ile mashini, inapumzikaka saa ngapi?

— Usiku, mama. Nimeshasema.

— Nani aliiona imelala?

Belise aligeuka kwa Kadiri. Kadiri akaangalia makaa. Akageuka kwa Damascène; muhuri ulikuwa umebaki hewani. Evode akajifanya ana ujumbe kwenye simu.

— Mi nauliza tu, mama Mukeshimana aliendelea. Munyonzi mwenye anapandisha gunia Kanama, akishindwa kwenye mupando, hatumupige. Tunamuuliza: leo umelala? Umekula? Kama alibeba watu usiku muzima, atapandisha na nini?

Hapo ndipo Belise alipotoa kompyuta yake kwenye begi, akafungua ukurasa ambao mwezi mzima alikuwa na hakika hauna haja ya kuutazama: mchoro wa akiba ya mashine. Alitarajia kuona vilima, akiba ikipanda usiku, ikishuka asubuhi. Hakukuwa na kilima. Tangu wiki tatu zilizopita mstari ulikuwa umelala chini kabisa, kwenye sifuri, tambarare kama maji ya ziwa siku isiyo na upepo.

— Haijalala hata saa moja, alisema, na sauti haikuwa ya jukwaani tena. Wiki tatu. Nani anaiamsha?

Nyuma ya benchi Kadiri alikohoa.

— Mwanangu... mimi nikishaswali alfajiri naifungua kwenye simu. Naiacha wazi, ipate moto kidogo. Ili isiwe na baridi wamama wakija.

— Papa Kadiri!

— Nimewaambia na mafundi wa safu hii yote. Watu wazuri wale, hawakatai kusaidia.

— Mi pia niliambia bamotari wenzangu, alisema Evode akiangalia kiatu chake. Kama makumi mbili hivi. Bon, makumi tatu.

Damascène alijiweka sawa, kama mtu anayesimama mbele ya kamati ya nidhamu.

— Mimi simu yangu haifungwi. Iko kwenye chaji usiku kucha. Nilichukulia kuwa ni zamu ya ulinzi.

Belise angeweza kuwatafuna. Neno lilikuwa tayari ulimini, tena zuri, lenye ncha pande mbili. Lakini macho yake yalikuwa bado kwenye kompyuta, na pale aliona kitu kingine kilichommaliza nguvu za kutafuna. Ukurasa ukiachwa wazi unajichora upya wenyewe kila baada ya sekunde tatu. Aliufanya hivyo yeye, ili bei ziwe hai, ili watu wa chuo waseme waah. Na kila unapojichora, mashine inazichukua picha zote mia mbili za vikapu, kubwa kama zilivyotoka kwenye simu za akina mama, na kuzipunguza moja moja, upya, kwa kila anayefungua. Picha alizianzisha lini? Wiki tatu zilizopita. Na soko la kwanza lilipokwama, nani aliwatumia akina mama wote ujumbe, Fungueni mapema, msifunge kabisa? Ujumbe ulikuwa bado upo, na alama mbili za mshangao.

— Papa Kadiri, alisema polepole, upepo ni wako, lakini makaa ni yangu. Ninyi mmepepea tu. Mimi ndiye niliyeipa kazi isiyoisha, halafu nikasimama hapa nikasema tunaibiwa.

— Yaani hoja haikupita? Damascène aliuliza.

— Haikupita, mzee. Nimekosea.

Neno hilo halikuwahi kusikika kwenye benchi lile kwa lugha yoyote. Evode alitaka kupiga makofi, Nyirasafari akamkata jicho.

— Sasa si uifanye kama kahawa? alisema Nyirasafari. Mimi siwashi moto kwa kila kikombe. Napika mara moja, namimina mara mia.

Belise alimgeukia na kumtazama kama mtu anayetazama dirisha lililokuwepo siku zote.

— Ndivyo hasa, mama Nyirasafari. Picha ipunguzwe mara moja tu, ikishaletwa, iwekwe. Orodha ipikwe mara moja, bei ikibadilika ndipo ipikwe tena. Anayekuja amiminiwe ileile. Na isijichore, mtu akitaka mpya, aguse mwenyewe. Mashine ileile. Mnyonge yuleyule. Alimgeukia mwenyekiti. Mama, nakuomba Ijumaa. Moja tu. Sitahutubia tena.

Mama Mukeshimana alikunywa kahawa yake yote, bila haraka, mpaka sira.

— Ijumaa moja. Gari ikishuka nusu, napigia Gentil simu mbele ya macho yako, na utamusalimia vizuri, juu ni mutu muzima.

Siku mbili zilizofuata Belise hakwenda mdahaloni. Alibomoa alichokuwa anajivunia. Jumatano jioni picha zilikuwa zimeshapunguzwa, kila moja mara moja. Alhamisi asubuhi aliufungua mchoro kabla hajanawa uso, na pale, kwenye ule ukingo wa kulia, mstari ulikuwa umeinua kichwa. Kidogo. Kama mtu aliyeulizwa jambo akiwa amelala, akajibu kwa kope moja. Aliwatumia akina mama ujumbe mfupi: Ukimaliza kuangalia, funga. Iache ilale. Wengine walijibu kwa kuuliza mashine iliugua nini.

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu, kijiwe kilikuwa kimejaa. Simu tatu zilikuwa zimefungiwa kwenye droo ya vitambaa ya Kadiri, na ufunguo alikuwa nao Nyirasafari, kwa kuwa hakuna mwanaume aliyeaminiwa na mwenzake.

— Kukaa bila kusaidia ni kazi ngumu, alisema Kadiri.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Damascène alikubali kwa huzuni.

— Nyamaza, mzee, usije ukaipa mashine jembe tena.

Saa kumi na mbili. Oda ya kwanza. Ya pili. Ya kumi na moja. Belise alikuwa ameshika kompyuta mapajani, amebana pumzi kama mtu anayevuka mto amebeba mtoto. Mstari wa akiba ulianza kushuka. Evode alijikuna. Saa kumi na mbili na dakika tano, ile dakika ya maafa, ikaja, ikapita kama jirani asiye na ugomvi na mtu. Ukurasa ulifunguka. Ulifunguka tena. Mwanamke mmoja wa Goma aliagiza kabichi, akasahau puaro, akarudi, akaagiza puaro. Mstari ulishuka taratibu, kama wazee wanavyoshuka ngazi, na saa moja kasorobo ulikuwa bado haujafika hata nusu.

— Bado iko na pumuzi? Evode alinong'ona.

— Bado iko nayo. Nyingi.

— Na mulima inafuka, alisema Evode, kwa mshangao wa mtu aliyesalitiwa na mlima.

Simu ya Belise ikalia. Alibonyeza ili wote wasikie. Kwanza zilikuja sauti za akina mama wengi pamoja, mtu anacheka, gunia linatupwa, mtu anaita mtu aje ashike kamba. Kisha mama Mukeshimana:

— Belise? Wee, mwanangu. Gari imejaa.

— Imejaa vipi, mama?

— Imejaa! Mpaka juu. Zote ziko na wenyewe, na saa moja haijafika. Chauffeur anauliza: akishajaza mapema hivi, aende ao angojee saa?

Belise alimtazama Kadiri. Kadiri alimtazama Damascène, aliyewahi kujua kanuni ya kila kitu. Damascène alimtazama Evode. Hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo. Mwezi mzima walikuwa wameandaa majibu ya gari tupu, la nusu, la robo; gari lililojaa kabla ya saa yake halikuwa na jibu lolote kwenye benchi lile. Belise alifungua mdomo, ule mdomo uliowahi kuwanyamazisha wanasheria watarajiwa wa vyuo viwili, na hakikutoka kitu ila kicheko.

— Mama, sijui, alisema. Kwa kweli sijui!

Lakini kule Kanama dereva hakuwa na subira ya wasomi. Wakiwa bado wanacheka, walisikia mlango wa gari ukibamizwa, akina mama wakipiga vigelegele, na injini ikiwaka.